Sigara na unene: Hamu mbili zinazokutana ubongoni

MTU anayekusudia kuacha sigara huonywa mapema na wenzake kwamba atanenepa. Onyo hilo si uzushi. Kwa wastani, anayeacha bila kutumia dawa yoyote huongeza kati ya kilo nne na tano katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya uzani huo huja katika miezi mitatu ya mwanzo.

Huo ni wastani tu, na wastani huficha mengi. Wapo wanaoongeza kilo kumi au zaidi, na wapo pia, japo ni wachache, ambao hupungua. Lakini kwa mtu ambaye suruali imeanza kumbana wiki chache tu baada ya kuzima sigara yake ya mwisho, hesabu hizo hazimfariji. Baadhi hurudia sigara papo hapo, wakijiambia kwamba heri kifua kibovu kuliko kitambi.

Kwa muda mrefu jambo hili lilielezwa kwa lugha ya mdomo na tumbo. Ladha ya chakula inarudi, mkono uliozoea kushika sigara unatafuta kitu kingine, na peremende au mandazi yanaziba pengo. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila hayafiki mbali. Utafiti wa ubongo uliofanywa tangu miaka ya tisini unaonyesha kwamba hamu ya sigara na hamu ya chakula hupitia njia ambazo kwa kiasi kikubwa ni zile zile. Ndiyo maana ni vigumu kueleza jinsi sigara inavyoathiri mawasiliano ya ndani ya ubongo bila kuuliza mvutaji ana uzani gani.

Wauzaji wa sigara walilinusa jambo hili kabla ya madaktari. Mnamo 1928 kampuni ya American Tobacco ya Marekani ilianzisha kampeni ya matangazo ya sigara za Lucky Strike, ikiwahimiza watu, hasa wanawake, wachukue sigara badala ya kitu kitamu. Watengenezaji wa peremende walighadhabika. Hakuna mtu wakati huo aliyekuwa na picha ya ubongo unaofanya kazi. Kampuni ilikuwa imeona tu kwamba mvutaji hula kidogo, ikafanya udhaifu huo kuwa biashara.

Mvutaji hula kidogo, na tena mwili wake hutumia nishati nyingi zaidi. Mnamo 1986, watafiti wa Lausanne nchini Uswisi waliripoti jinsi walivyowaweka wavutaji wanane katika chumba maalumu kinachopima hewa wanayovuta na kutoa. Siku moja walivuta sigara 24, siku nyingine hawakuvuta hata moja. Siku ya sigara, nishati iliyotumiwa na miili yao kwa muda wa saa 24 ilipanda kwa takriban asilimia 10, ilhali chakula na mazoezi havikubadilika.

Upande wa hamu ulieleweka baadaye. Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa panya ulioonyesha kwamba nikotini huamsha kundi fulani la seli katika hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo ambayo husimamia njaa, kiu na joto la mwili. Seli hizo kazi yake ni kuujulisha mwili kwamba umeshiba. Nikotini hupiga hodi kwenye mlango wa shibe, na mlango hufunguliwa ingawa hakuna chakula kilicholetwa.

Hata hivyo, hipothalamasi haiamui peke yake. Mtu hula kwa sababu ya njaa, ndiyo, lakini pia hula kwa raha, kwa mazoea, kwa huzuni, kwa sababu amepita karibu na jiko la nyama choma. Yote hayo yana sehemu zake ubongoni, na sehemu hizo huzungumza. Ni mazungumzo hayo ambayo wanasayansi huyaita mitandao ya ubongo.

Mitandao hii hupimwaje? Hebu msomaji ajifikirie ameketi juu ya kilima usiku, akitazama kijiji kilicho mbali. Haoni nyaya wala watu. Anachoona ni taa za nyumba. Akigundua kwamba taa za nyumba mbili zilizo mbalimbali huwaka na kuzimika kwa pamoja, mara kumi, mara ishirini, ataanza kuamini kwamba wakazi wa nyumba hizo wanawasiliana. Mashine ya MRI hufanya kazi inayofanana na hiyo. Seli za ubongo zinapofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni, na mashine huweza kutambua mabadiliko ya damu hiyo. Sehemu mbili ambazo damu yake hupanda na kushuka kwa pamoja huhesabiwa kuwa zimeunganika.

Aliyefungua njia hii ni Bharat Biswal, akiwa katika chuo cha udaktari cha Wisconsin huko Marekani. Mnamo 1995, yeye na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya kushoto na ya kulia ya ubongo zinazosimamia mikono hupanda na kushuka pamoja hata mtu anapolala kimya bila kusogeza kidole. Kabla ya hapo, mabadiliko hayo madogo yalichukuliwa kuwa kelele tu za kuondolewa katika hesabu.

Miaka sita baadaye, mnamo 2001, Marcus Raichle wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis alieleza kuhusu sehemu za ubongo ambazo hushughulika zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu. Si ajabu kwamba ubongo haupumziki: una takriban asilimia 2 ya uzani wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake.

Kwa mada yetu, mitandao mitatu ndiyo muhimu. Wa kwanza ni huo wa Raichle, ambao hutawala mtu anapozama ndani ya nafsi yake, akiwaza ya jana na ya kesho. Wa pili ni wa usimamizi. Huu ndio unaoshika mpango na kumkumbusha mtu ahadi aliyojiwekea. Wa tatu twaweza kuuita mtandao wa bawabu. Huo hukaa mlangoni na kuamua ni habari gani iingie: maumivu ya jino, honi ya matatu, tumbo linalonguruma, harufu ya moshi wa sigara kutoka meza ya pili. Bawabu akishaamua kwamba jambo ni muhimu, yeye ndiye huelekeza nguvu za ubongo, ama ndani kwenye mawazo na matamanio au nje kwenye kazi iliyo mbele.

Chini ya mitandao hiyo ipo njia ya kale zaidi inayotumia kemikali ya dopamini. Mara nyingi husemwa kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Dopamini hushughulika zaidi na kutaka kuliko kufurahia. Ndiyo inayomfanya mtu asimame na kutembea hadi kioski usiku wakati wa mvua. Nikotini ya sigara hufika ubongoni katika muda wa sekunde kumi hadi ishirini, na mojawapo ya mambo ya kwanza inayofanya ni kuchochea njia hiyo. Chakula chenye sukari na mafuta mengi huichochea pia, ingawa kwa upole zaidi.

Sasa tutazame sigara inavyofanya. Mwaka wa 2014, Caryn Lerman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha uchunguzi wa wavutaji 37. Kila mmoja alipigwa picha za ubongo mara mbili, mara moja akiwa amevuta kama kawaida na mara nyingine akiwa amekaa saa 24 bila sigara. Siku ya kujinyima, mawasiliano yalilegea katika mpangilio maalumu: bawabu alikuwa ameelekeza nguvu ndani, kwenye mawazo na hamu, huku uhusiano wake na mtandao wa usimamizi ukidhoofika. Kadiri mpangilio huo ulivyoharibika ndivyo hamu ya sigara ilivyozidi.

Anayejua jinsi siku ya kwanza ya kuacha ilivyo hatahitaji mashine kuamini hayo. Mtu husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuelewa. Hukasirikia watoto bila sababu. Kinachoonekana kwa nje kama hasira kina umbo lake ndani.

Ushahidi wa kustaajabisha zaidi ulitoka kwa wagonjwa wa kiharusi. Ndani ya ubongo, chini ya mkunjo wa pembeni, ipo sehemu iitwayo insula, neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Ndiyo kitovu cha mtandao wa bawabu. Hupokea habari kutoka ndani ya mwili: mapigo ya moyo, ukavu wa koo, njaa, kichefuchefu. Mnamo 2007, Nasir Naqvi, Antoine Bechara na wenzao waliandika katika jarida la Science kuhusu watu 69 waliokuwa wavutaji wakati ubongo wao ulipopata jeraha. Kati ya 19 ambao insula yao ilijeruhiwa, 13 waliacha sigara, na 12 kati yao waliacha kwa urahisi na ghafla, bila kurudi tena na bila hata kuhisi hamu.

Baadhi ya watu walidhani kwamba insula ndiyo makao ya uraibu na kwamba kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Wapo waliojeruhiwa insula wakaendelea kuvuta, na wapo walioacha kwa sababu ya majeraha ya kwingine. Mwaka wa 2022, kundi lililoongozwa na Juho Joutsa wa Finland lilichunguza wavutaji 129 wenye majeraha ya ubongo. Majeraha ya wale ambao uraibu wao ulikatika yalitawanyika sehemu mbalimbali, lakini yalipofuatwa njia zake za mawasiliano, yote yalielekea kwenye mtandao mmoja. Uraibu, basi, hauna nyumba moja. Unaishi katika barabara zinazounganisha nyumba.

Tugeukie uzani. Mnamo 1994, Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York waligundua homoni iitwayo leptini, ambayo hutengenezwa na mafuta ya mwili ili kuuambia ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha. Wengi walitarajia kwamba kumdunga mtu mnene leptini kungemaliza tatizo. Ikabainika kwamba watu wengi wanene wana leptini tele. Ubongo wao ndio usioisikiliza. Kwa mtu kama huyo, habari ya shibe hutumwa kila siku na hukwama njiani.

Aidha, mnamo 2001 Gene-Jack Wang, Nora Volkow na wenzao walipima watu kumi wenye unene wa kupindukia na kukuta kwamba vipokezi vya dopamini vya aina moja ubongoni mwao vilikuwa vichache kuliko vya watu wa kawaida, na kadiri uzani ulivyokuwa mkubwa ndivyo vipokezi vilivyopungua. Upungufu wa namna hiyo ulikuwa umeonekana kwa waraibu wa kokeini, na umeripotiwa pia kwa wavutaji sigara. Chunguzi zilizofuata hazikukubaliana zote, hasa kuhusu watu ambao unene wao si wa kupindukia. Wazo la kwamba mtu mnene ni mraibu wa chakula lilienea haraka mno kuliko ushahidi wake, na madhara yake ni kwamba watu wanene walipewa lawama mpya juu ya zile za zamani.

Katika mitandao yenyewe, watafiti wa Tübingen nchini Ujerumani waliripoti mwaka wa 2012 kwamba vijana wanene waliolala tu ndani ya mashine, bila kuonyeshwa chakula chochote, walikuwa na tofauti katika mtandao ule wa mawazo ya ndani: sehemu moja iliunganika kwa nguvu zaidi na nyingine kwa unyonge. Tofauti hizo zilikwenda sambamba na jinsi miili yao ilivyoitikia insulini. Kwa ufupi, bawabu na majirani zake, ambao tumewaona wakisumbuliwa na nikotini, husumbuliwa pia na habari za mafuta na sukari.

Je, yote mawili yakimpata mtu mmoja? Jibu la haraka ni kujumlisha. Sigara inadhoofisha mawasiliano haya kwa kiasi fulani, unene kwa kiasi fulani, basi mvutaji mnene atakuwa na jumla ya hasara zote mbili. Jibu hilo lingefaa iwapo vitu hivi viwili vingefanya kazi katika vyumba tofauti. Lakini vinagombea chumba kimoja. Nikotini inatuma habari ya shibe mahali ambapo leptini haisikiki. Inachochea dopamini katika njia ambayo huenda tayari imepungukiwa na vipokezi. Kwa mtu mwembamba, sigara inaweza kuwa burudani iliyogeuka uraibu. Kwa mwenye uzani mkubwa inaweza kuwa pia kizuizi cha njaa, hata kama mwenyewe hajawahi kuifikiria hivyo. Kitendo ni kimoja, ila ubongo unaokipokea si ule ule.

Ushahidi ulio imara zaidi wa mwingiliano huu umetoka katika jeni. Kwenye kromosomu ya 15 ipo tofauti ndogo ya kurithi inayohusu vipokezi vya nikotini. Wavutaji walio nayo huelekea kuvuta sigara nyingi zaidi. Mwaka wa 2011 ilidhihirika kwamba wavutaji wenye tofauti hiyo wana uzani mdogo kidogo kuliko wavutaji wasio nayo, lakini miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuvuta, wembamba huo hauonekani kabisa. Jeni ni ile ile. Kinachoamua kama itagusa uzani ni sigara.

Njia huenda upande wa pili vilevile. Watafiti wa Iceland walionyesha mnamo 2013 kwamba tofauti za kurithi zinazoongeza uzani huongeza pia uwezekano wa mtu kuvuta. Na mwaka wa 2018, uchunguzi ulioongozwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, ulitumia habari za jeni kufikia hitimisho kwamba uzani mkubwa humsukuma mtu kuanza sigara na kuvuta nyingi zaidi kwa siku. Hii inasaidia kueleza kitendawili ambacho madaktari wamekiona kwa miaka: wavutaji kwa jumla ni wembamba kuliko wasiovuta, ilhali wavutaji wa pakiti nzima kwa siku aghalabu ni wanene kuliko wale wa sigara chache, na mafuta yao hujazana kiunoni.

Njaa nayo ina nafasi yake. Imefahamika kwa miongo mingi kwamba panya walionyimwa chakula hutafuta dawa za kulevya kwa bidii zaidi. Utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mnamo 2005 uliona jambo linalofanana kwa binadamu: wavutaji waliopunguziwa chakula walivuta zaidi. Ndiyo sababu madaktari wengi humshauri anayeacha sigara asijitwike siku hiyo hiyo mzigo wa kujinyima chakula. Bawabu mmoja hawezi kuzuia wageni wawili wakorofi kwa wakati mmoja.

Ni lazima nitoe tahadhari hapa, maana picha za ubongo zenye rangi nyekundu na buluu huwalaghai watu kwa uzuri wake. Turudi kule kilimani. Iwapo anayetazama taa ameshika darubini na mkono wake unatetemeka, nyumba zinazopakana zitaonekana kumetameta pamoja ingawa hazina uhusiano wowote. Kichwa kinachosogea ndani ya mashine, hata kwa sehemu ya milimita, huleta udanganyifu wa aina hiyo. Huongeza miunganiko ya karibu na kupunguza ya mbali. Na imethibitishwa kwamba watu wenye uzani mkubwa husogea zaidi ndani ya mashine, kwa kuwa pumzi yao hutikisa mwili wote. Mtafiti asiyelisahihisha hilo anaweza kutangaza kwamba unene umevuruga ubongo, kumbe amepima pumzi.

Sigara nayo ina udanganyifu wake. Kwa kuwa mashine haisomi seli zenyewe bali damu inayozihudumia, chochote kinachobadilisha damu hubadilisha picha. Nikotini hubana mishipa. Hewa ya kaboni monoksidi kutoka kwenye moshi hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Unene wa miaka mingi, pamoja na shinikizo la damu linaloambatana nao, hufanya mishipa iwe migumu. Kwa hivyo mvutaji mnene anaweza kuwa na mishipa iliyobadilika kabla hata hatujafika kwenye swali la mawasiliano.

Dawa ya kasoro hizi ni kupima watu wengi, tena kwa kurudia. Mradi wa UK Biobank, uliosajili watu 500,000 wa Uingereza kati ya 2006 na 2010, ulianza kupiga picha za miili na ubongo mwaka wa 2014, na kufikia Julai 2025 ulikuwa umempiga picha mtu wa 100,000. Kwa idadi hiyo, inawezekana kuwatenganisha wanene wasiovuta, wembamba wanaovuta, na wale walio na yote mawili, na bado kila kundi likabaki na maelfu ya watu. Kasoro ni kwamba waliojitolea wana afya bora kuliko Waingereza wa kawaida, na wengi wao kabisa ni weupe.

Kwetu Kenya sura ya jambo hili ni tofauti. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku ulikuta kwamba asilimia 19.1 ya wanaume waliitumia, dhidi ya asilimia 4.5 ya wanawake, na wanawake waliovuta hasa hawakufika hata asilimia moja. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine wa kitaifa ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya wanawake walikuwa na uzani uliopita kiasi, dhidi ya asilimia 17.5 ya wanaume. Kwa maneno mengine, sigara na unene kwetu vimegawana jinsia. Mama ana uzani, baba ana moshi.

Mgawanyiko huo haumaanishi kwamba hatuna la kujifunza. Mwanamume wa mjini anayeketi ofisini au nyuma ya usukani mchana kutwa, akipata sigara yake moja moja kioskini licha ya sheria ya 2007 kukataza kuuza namna hiyo, ndiye anayeanza kuwa na yote mawili afikapo umri wa makamo. Tena mwanamume huyo haogopi kunenepa kama wanawake wa Marekani waliolengwa na tangazo la 1928. Katika jamii zetu nyingi kitambi bado huitwa afya. Anayeacha sigara akaongeza kilo tano atasifiwa kwamba amenawiri. Kwa mara moja, mila inaweza kumsaidia mtu kupita ile miezi mitatu migumu, ingawa sifa hizo hizo zinaweza kumfanya asitambue zinapokuwa kilo kumi na tano.

Na hatari ya kuwa na yote mawili haina mzaha. Hesabu zilizochapishwa mwaka wa 2003 kutokana na utafiti wa mji wa Framingham huko Marekani, ambao ulianza mnamo 1948, zilionyesha kwamba mtu wa miaka 40 aliye mnene kupindukia na anayevuta hupoteza takriban miaka 13 ya maisha akilinganishwa na asiyevuta mwenye uzani wa kawaida. Ilikuwa miaka 13.3 kwa wanawake na 13.7 kwa wanaume.

Utafiti huo huo wa Framingham, katika kizazi cha pili, ulitoa jibu kwa anayeogopa kuacha. Mnamo 2013 ilitangazwa kwamba watu wasio na kisukari walioacha sigara walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyo karibu nusu ya ile ya wanaoendelea kuvuta, na kwamba kilo walizoongeza hazikuifuta faida hiyo. Mwenye kisukari ana sababu zaidi ya kuzungumza na daktari wake kabla na baada ya kuacha, kwa kuwa kiwango cha sukari hubadilika uzani unapopanda.

Hivi majuzi zimekuja dawa zinazoiga homoni ya matumbo inayoleta shibe, ambazo hutumika kutibu kisukari na unene. Kwa kuwa hamu hizi mbili hukutana ubongoni, wengi walijiuliza kama dawa ya njaa ingeweza kuwa dawa ya sigara. Mjini Basel, Uswisi, watafiti waliwagawa kwa kura watu 255 waliotaka kuacha. Wote walipewa ushauri na dawa ya kawaida ya kuachia sigara. Nusu wakaongezewa dulaglutide, mojawapo ya hizo dawa mpya, na nusu sindano isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2023.

Baada ya wiki 12, asilimia 63 ya waliopata dulaglutide walikuwa wameacha sigara, na asilimia 65 ya wale wengine. Hakuna tofauti ya maana. Lakini kundi la kwanza lilikuwa limepungua kwa wastani wa kilo moja, huku la pili likiongeza karibu kilo mbili. Dawa ilikuwa imefunga mlango wa chakula na kuuacha wa sigara ulivyokuwa. Dawa nyingine ya jamii hiyo, semaglutide, ilipojaribiwa kwa watu wenye tatizo la pombe, wachache kati yao waliokuwa wakivuta walipunguza idadi ya sigara kwa siku. Matokeo hayo yalitolewa mapema mwaka wa 2025, na kundi lilikuwa dogo mno kumfanya daktari aandike dawa hiyo kwa ajili ya sigara. Kwa anayeacha leo, njia zilizothibitishwa zingali zile za zamani: ushauri, pamoja na nikotini ya kubandika au ya kutafuna, au vidonge maalumu, na kuvumilia miezi mitatu.